Barua kutoka New Orleans: habari ya nyumba ya babu

New Orleans,
Septemba 2025

Kwako shoga yangu Mwanahawa,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nimefurahi kusikia paa lililong'olewa na kimbunga Hidaya mmeshaliezeka upya na maisha ya Mafia yanaendelea. Umeniuliza watu wa huku walichukua muda gani mpaka mji wao ukarudi kama zamani baada ya kimbunga Katrina. Shoga, mwezi uliopita imetimia miaka 20, na haujarudi.

Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu zaidi ya 484,000. Ile ya 2020 haikufika hata 385,000. Ukitembea mtaa wa French Quarter hutajua kama kuna lililotokea, maana pale ni juu na maji hayakupasumbua sana. Vuka mfereji uingie mtaa wa Lower Ninth Ward ndipo utaona: viwanja vitupu, majani marefu, ngazi za saruji zisizo na nyumba.

Kimbunga chenyewe kilipita siku moja tu, tarehe 29 Agosti 2005. Kilichouzamisha mji ni kuta za mifereji walizojenga wahandisi wa jeshi. Nyingine zilianguka hata maji hayajafika juu yake, kwa kuwa zilisimamishwa kwenye udongo laini. Asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Kuta na matuta yamejengwa upya kwa zaidi ya dola bilioni 14, na kimbunga Ida kilipopiga 2021, tarehe ileile, yakahimili, ingawa umeme ulikatika mji mzima kwa siku kadhaa. Kwa kazi hiyo nawapa heshima yao.

Linaloniuma mimi ni fidia ilivyopigiwa hesabu. Mpango uliitwa Road Home. Mwenye nyumba aliweza kupata hadi dola 150,000, lakini walitazama bei ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuitengeneza, wakashika ile iliyo ndogo. Sasa chukua nyumba mbili za ukubwa mmoja, mbao zilezile, fundi yuleyule. Moja iko mtaa wa wazungu, nyingine mtaa wa watu weusi ambako nyumba huthaminiwa bei ya chini. Huyu wa pili anapewa hela isiyomaliza hata kuta! Watu walishtaki, na kesi ikaisha 2011 kwa makubaliano ya dola milioni 62. Hapo ilikuwa imeshapita miaka sita tangu kimbunga. Wengi walikuwa wameshatulia Houston na Atlanta, watoto wanasoma huko. Wapangaji ndio usiseme, maana fidia hiyo ilikuwa ya wenye nyumba.

Halafu kuna la mirathi, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu huu. Lower Ninth Ward ilijaa nyumba walizoachiwa watu na wazee wao, hati bado ina jina la marehemu. Walioishi humo maisha yao yote wakaambiwa wathibitishe kwamba ni zao. Jirani yangu, bibi mtu mzima, alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Akatakiwa akusanye saini za ndugu waliotawanyika majimbo mbalimbali, wengine hajawaona tangu utotoni. Alihangaika mpaka akachoka, na hela hakuipata. Akinisimulia hupandwa na hasira hadi leo, na mimi nasikia hasira pamoja naye.

Nyumba ya babu nayo ina jina la babu, Mwanahawa. Tafadhali msingoje kimbunga kingine. Mwambie ami aitishe kikao cha ukoo, na wale wa Dar waje. Muhtasari wa kikao pamoja na cheti cha kifo mpeleke Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha ndipo mshughulikie hati. Nauli za watu wa Dar nitatuma mimi. Niambie tu kikao ni lini.

Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Rukia