Safari ya Duxford Jumamosi, someni wote

Wadau habari za asubuhi, tiketi zetu za maonyesho ya ndege ya kumbukumbu ya uwanja wa ndege wa Duxford ziko tayari nimemtumia kila mtu yake inboksi, ihifadhi kabisa kwenye simu maana pale mtandao ukilemewa na watu utahangaika getini. Treni tunapandia Liverpool Street saa mbili kamili asubuhi, tunashuka Whittlesford Parkway.

Kwa wageni, huu uwanja ni wa tangu vita vya kwanza na yale mahanga (mabanda ya ndege) ya zamani yapo mpaka leo, na Spitfire (ile ndege ya kivita ya Waingereza) ya kwanza kabisa kuingia kazini jeshini ilikabidhiwa hapohapo kwa skwadroni ya 19, Agosti 1938. Kwa hiyo kuiona inaruka juu ya nyasi zilezile jamani mimi huwa nasisimka kila mwaka! Msikae mbali na uzio ndege zikiwashwa. Injini ya Spitfire, Merlin, ina silinda 12, kwanza inakohoa, moshi unatoka kwenye vibomba vya ubavuni, pangaboi linazunguka kwa kusitasita halafu ghafla linashika na unausikia mngurumo mpaka kifuani.

Wenye watoto wadogo leteni vya kuziba masikio. Makoti ya mvua pia, na kitu cha kukalia. Mama zetu wa chapati tunawategemea, chai naleta mimi chupa mbili.

Nani bado hajathibitisha? Aandike jina hapa leo kabla ya saa tatu usiku tafadhali