Delta ya Rufiji si njia ya kwendea Mafia tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Kila nikisoma habari za utalii wa kusini, nakuta mambo mawili: wanyama wa Hifadhi ya Nyerere na papa potwe wa Mafia. Mto Rufiji wenyewe, pale unapogawanyika kabla ya kumwaga maji baharini, hautajwi. Mgeni anafika Nyamisati, anapanda boti ya Mafia, basi.

Nimezunguka humo ndani, Salale na Simba Uranga, kwa vyombo vya wenyeji. Huko ratiba anapanga maji. Bamvua likijaa, mtumbwi unakatiza vijito ambavyo maji yakipwa hugeuka tope jeusi la magotini. Ukichelewa utakaa hapohapo na mbu wako. Nahodha wangu alikuwa akinionyesha miti kwa ncha ya upondo: mkoko huu, mchu ule, kule mkandaa, na mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Ndiyo mikoko iliyotoa boriti zilizobebwa na majahazi hadi Arabuni. Siku hizi kuikata bila kibali ni kosa.

Penye mpunga kuna madungu, vibanda vya juu ya nguzo. Msimu ukifika familia huhamia humo, mchana kufukuza ndege, usiku nguruwe na viboko. Niliona mtoto amekaa juu anakula muhogo, mkono mmoja umeshika kamba ndefu iliyofungwa makopo. Ndege wakitua anaivuta tu, kelele inatokea mwisho wa shamba.

Wageni wachache wanaofika huulizia Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humu mwaka 1914 baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza kule Zanzibar, ikaangamizwa Julai 1915. Historia hiyo ni nzuri, sikatai. Lakini kuja mpaka Rufiji kutafuta chuma kilichomezwa na tope, usijue hata mwenyeji wako analima nini, kwangu ni safari nusu.

Sasa ombi langu kwa Halmashauri ya Kibiti. Pale Nyamisati pawekwe ubao wenye nauli za vijijini, nyakati za maji kujaa na kupwa, na majina ya manahodha wanaotambuliwa na serikali za vijiji. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu tulipatana bei gatini, tulipofika katikati ya mto akaipandisha mara mbili, na maboya ya kuokolea hana. Ningeshuka wapi?

Mgeni naye apite kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, ajitambulishe, avae kwa heshima. Akitozwa ada apewe stakabadhi, na fedha hizo zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato mengine.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam