Ile tozo ya daraja la Kigamboni ni pensheni yangu

Mhariri,

Naomba kanafasi. Mimi naishi Kibada na kila asubuhi navuka daraja na pikipiki yangu kwenda kazini mjini, na pale getini hupiti siku mbili hujasikia mtu anafoka, ati daraja limeshajengwa zamani bado tunalipa tu. Nilikuwa nafoka na mimi. Mpaka siku nikakaa nikafikiria nani kalijenga, nikakuta ni mimi, maana NSSF, mfuko unaokata mishahara yetu kwa ajili ya pensheni, walitoa asilimia 60 ya gharama na serikali 40, likafunguliwa Aprili 2016, sasa ile hela ya getini si ndio marejesho ya makato yangu ya kila mwezi?

Mwaka 2022 tozo zikashushwa. Kigamboni nzima tulishangilia, na mimi nilishangilia sikatai, bodaboda walipata nafuu kweli. Ila sikumsikia mtu anauliza mfuko umepoteza kiasi gani na nani anaziba lile pengo.

Sisi wachangiaji tumezoea kugombana kuhusu kikokotoo tu, ile fomula ya kupigia mafao ya kustaafu. 2018 tukapiga kelele mpaka kikasitishwa, 2022 kikarudi na mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayopewa mara moja ukistaafu, wa asilimia 33, 2024 serikali ikaongeza, waliokuwa na mkupuo wa asilimia 50 zamani wakapewa 40 na sisi wa 25 tukapewa 35. Sawa. Lakini asilimia hizo zinatoka kwenye chungu gani? Mafao yetu yanapigwa kwa fomula ya mshahara na miaka uliyochangia, faida ya mfuko haionekani humo, ndio maana hatuna habari na uwekezaji, mfuko ukivuna au ukipigwa wewe slipu yako iko vilevile. Afu siku hesabu zikigoma hawaji kukuambia mradi fulani ulibuma, wanakuja kugusa fomula.

Na miradi iliyobuma ipo, wala sihitaji kwenda mbali. Kule Dege huku huku kwetu NSSF walipanga kujenga makazi ya nyumba zaidi ya 7,000, ujenzi ukasimama 2016, maghorofa yakabaki yanakodoa macho baharini. Hela iliyolala kwenye zege namna ile ingewekwa kwenye hati fungani za serikali za miaka 20, yaani kuikopesha serikali, ingekuwa inaleta riba mara mbili kwa mwaka bila fundi wala mlinzi. Najua nako kuna mtihani wake, ukimkopesha serikali kila kitu unabaki unamtegemea yeye, deni la serikali la pensheni za watumishi wa kabla ya 1999 lilisubiri miaka na miaka afu PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, wakapewa hati fungani maalumu ya zaidi ya trilioni 2 badala ya keshi. Lakini hati fungani walau unajua inalipa lini na inalipa ngapi, ghorofa lisilo na mpangaji linalipa nini?

Ninachoomba ni kidogo tu. Ile taarifa ya michango tunayoangalia kwenye simu inaonyesha nimekatwa ngapi na mwajiri kaleta au hajaleta, basi waongeze chini yake kila mradi mkubwa uliingiza ngapi mwaka huo na ulitegemewa kuingiza ngapi. Na daraja liwemo, mstari wa kwanza kabisa, na lile punguzo la 2022 waandike amelibeba nani.

Mchangiaji,
Kibada, Kigamboni