Ile alama ya maziwa

Kisumu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baraka,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetukamata tangu adhuhuri na njia ya Kibuye ni matope matupu. Achieng anakusalimu. Ujumbe wako wa Alhamisi umeninyima usingizi, ndiyo maana naandika.

Unataka kuipa lugha yako ya programu alama ya pekee ya kilo za maziwa, ili karani wa Njoro aandike bei na makato kwa mstari mmoja. Najua unapoumia. Funksheni (amri yenye jina) ndani ya funksheni, mabano matatu yakifungwa mwishoni, macho yanachoka. Lakini tafadhali ngoja kwanza. Mwaka 2004 JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, ilipata E4X, sintaksia ya kuandika XML (data iliyofungwa kwa vitambulisho) humo humo ndani ya programu, wakati XML ilikuwa imeenea kila mahali. Vivinjari vingi havikuipokea, na mwaka 2013 Firefox nayo ikaiondoa.

Tena kumbuka yaliyonikuta kule kazi yangu ya kwanza. Aliyebuni vialama vya programu yetu alikuwa ameshaondoka, nami usiku wa kufunga hesabu nimekodolea macho nukta mbili na mshale, sina hata neno la kutafuta. Ingeandikwa toa_makato, ningeelewa hata nikiwa nasinzia.

Sisemi alama zote ni mbaya. Watu wa hesabu waliomba ya kuzidisha matriksi (majedwali ya namba) katika lugha ya Python tangu mwaka 2000, wakaipata 2015, toleo la 3.5: @. Na hapa ndipo nataka utulie. Matriksi zenyewe hazikuingizwa ndani ya lugha. Iliingia alama tu, maana yake ikaachiwa maktaba, yaani mikusanyo ya programu za kuazima, kama NumPy. Basi kama ni lazima uongeze, ongeza alama isiyojua maziwa ni nini, halafu maktaba yako ya maziwa iipe maana. Wa majani chai nao wataitumia, na wale wa... haya, umenielewa.

Hivi ni makarani wangapi walioiomba, au ni wewe uliyechoka kuwaandikia? Umewaonyesha wakiwa wameketi mbele ya kompyuta? Yule kijana wa Molo anasemaje? Mstari ukikosewa, ujumbe wa kosa utamwambia karani nini? Nikipanda matatu Ijumaa, nitakukuta Nakuru? Usiiweke kabla sijafika.

Wako,
Odhiambo