Usiifungie betri na njaa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unaondoka wiki ijayo, gari litalala miezi minne kwenye gereji isiyo na joto, majira yote ya baridi, na kuhusu betri umeandika sentensi moja: "Nikirudi nitaishtua kwa waya za jirani." Hiyo ndiyo imeninyima usingizi. Safari yako sina wasiwasi nayo, kufunga mizigo unajua na hati zako unazitunza vizuri kuliko ninavyozitunza zangu. Lakini betri iliyokaa miezi minne bila chaji mara nyingi haishtuki. Ikishtuka, haidumu. Na baridi kali ikiikuta tupu, inaganda na kupasuka.

Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujafunga boneti mara ya mwisho, mita ya umeme ikiwekwa kwenye betri isome volti 12.6 au zaidi. Mengine yote humu yanazunguka hapo.

Usipime gari likiwa limetoka barabarani. Altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, ikimaliza kuchaji, betri huonyesha 13 na ushee, na hiyo ni chaji ya juujuu tu. Iache ilale usiku mzima. Kama una haraka, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndipo upime. Ikisoma 12.6 hadi 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na 11.8 ni tupu hata kama taa ya ndani inawaka vizuri. Taa ya ndani isikudanganye, inahitaji umeme kidogo sana. Kama yako ni ya aina ya AGM, yaani asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, imeandikwa ubavuni, nayo ikijaa husoma karibu 12.8. Kwa hiyo 12.6 kwake ni pungufu kidogo, iongeze.

Ndani ya betri kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi inaingia kwenye mabamba na kinachobaki kinazidi kuwa maji. Betri iliyojaa haigandi hata baridi ikifika nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha huganda karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri, pengine hata kabla ya hapo. Barafu inavimba, ganda linapasuka, mabamba yanapinda. Na hata isipoganda, salfeti, yaani utando unaotokana na asidi hiyo kushika kwenye mabamba, ambayo siku za mwanzo ni laini na chaji inairudisha, ikikaa wiki nyingi inageuka fuwele ngumu zisizorudi tena. Hapo ndipo watu husema betri haishiki chaji. Waya za jirani haziwezi kuyeyusha fuwele hizo.

Najua utasema gari limezimwa, nini kinakula umeme? Gari halilali kabisa. King'ora, saa, kompyuta, kile kipokezi kinachosikiliza rimoti ya ufunguo, vyote vinanyonya kidogo kidogo. Kwa magari mengi ni miliampea 20 hadi 50. Piga hesabu: miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri yako ikijaa ina ampea-saa 60 tu. Siku 25, nusu imekwenda. Hata likinyonya 20 tu, kwa siku 120 ni karibu 58, maana yake betri yote. Betri yenyewe nayo hupoteza chaji polepole bila kuguswa, ila kwenye baridi upotevu huo ni mdogo sana. Anayekula ni gari.

Sasa, picha ya injini uliyonituma nimeikuza. Kichwa cha chanya kina unga mweupe unaoelekea kijani, umejikusanya hasa pale waya unapoingia kwenye bano, na bano lenyewe limeliwa upande mmoja. Nilishakuambia juu ya unga huo. Wewe ni mtu makini, rangi ya gari lako haina mkwaruzo hata mmoja, halafu kitu kilicho chini ya boneti unakiahirisha! Fungua hasi kwanza, ndipo bano hilo la chanya, changanya kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu liishe, suuza kidogo, kausha kabisa. Vaa glavu na miwani. Usiruhusu maji hayo yaingie kwenye vizibo vya betri, maana soda inaua asidi ya ndani pia. Ukisharudisha bano na kulikaza, na hasi mwisho, paka mafuta ya mgando juu yake. Na pangusa mgongo wa betri, uchafu wenye unyevu kati ya chanya na hasi ni njia ya umeme kuvuja.

Gereji yako ina soketi, kwa hiyo njia nzuri ni chaja ya kutunza, ile inayojiendesha yenyewe. Inachaji hadi volti 14.4 hivi, ikiona betri imejaa inajishusha yenyewe hadi kati ya 13.2 na 13.8, inabaki hapo miezi yote bila kuidhuru. Ya ampea 1 inatosha kutunza. Haifai kujaza betri iliyofika nusu, maana kurudisha ampea-saa 30 kwa ampea 1 ni zaidi ya siku nzima na usiku wake. Jaza kwanza kwa chaja ya ampea 4 hadi 6, usiku kucha, kisha uiachie ile ndogo. Na uchague mpangilio sahihi kwenye kitufe: ya kawaida, AGM au jeli (ile ambayo asidi yake imegandishwa kama jeli). Jeli haivumilii volti za juu. Kama betri ni ya lithiamu, itahitaji chaja ya lithiamu, hakuna mjadala.

Ile chaja nzito ya bluu niliyokupa, usiitumie kwa kazi hii. Haina akili ya kujishusha. Inasukuma umeme betri ikiwa imejaa, maji yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, mabamba yanabaki wazi na kukauka. Mwezi mmoja hivyo unatosha kuiua. Nilipaswa kukuambia siku ile ile niliyokukabidhi, si leo.

Kuunganisha: chaja ikiwa haijachomekwa ukutani, koleo jekundu kwenye chanya, jeusi kwenye chuma tupu cha injini au bodi, mbali kidogo na betri. Mwisho kabisa chomeka ukutani. Kuondoa ni kinyume chake, unaanza ukutani. Sababu ni cheche. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, na hewa ikiwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo, cheche moja inatosha kulipua, ndiyo maana pia sitaki ufunike gari kwa turubai la plastiki mpaka chini. Na gari lako huzima injini lenyewe kwenye foleni, kwa hiyo kuna kihisi kidogo kwenye kichwa cha hasi kinachohesabu chaji. Ukibana koleo jeusi juu ya kichwa chenyewe, kompyuta haitaona umeme ulioingia. Bana kwenye bodi, kitabu cha gari kinaonyesha mahali. Waya upitishe pembeni, boneti isiubane.

Kama betri yako ina vizibo vinavyofunguka, angalia maji baada ya kuchaji, kwa sababu kuchaji kunayapandisha. Yafunike mabamba kwa milimita 10 hadi 15. Ongeza maji safi ya betri peke yake. Ya bomba yana madini yanayoharibu mabamba, na asidi usiongeze kamwe. Ukikuta mabamba yako wazi kabla ya kuchaji, yafunike kidogo tu, uchaji, halafu umalizie.

Je, umeme wa gereji ukikatwa ukiwa mbali? Hili limenirudia usiku kucha. Chaja nyingi za kisasa hurudi kazini zenyewe, lakini nyingine husubiri mtu abonyeze kitufe. Ijaribu kabla hujaondoka: iache ichaji, ichomoe ukutani dakika moja, irudishe, uone inafanya nini. Ikiwa ni ya kusubiri kitufe, nunua nyingine au ufuate njia ya pili.

Njia ya pili ni kulitenganisha gari na betri. Andika kwanza namba ya siri ya redio, na uhakikishe una ufunguo wa chuma unaofungua mlango, maana rimoti haitafanya kazi. Spana namba 10, fungua hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi umetengeneza mzunguko mfupi mkononi mwako, na mamia ya ampea yatapita kwenye spana hiyo. Hasi ikishatoka, chanya haina madhara. Waya wa hasi uufunge kwa kitambaa, usirudi wenyewe kugusa kichwa. Betri iliyojaa na iliyotenganishwa itavumilia majira ya baridi vizuri hata ikibaki ndani ya gari. Ukiitoa, iweke pakavu, wima, penye ubaridi wa kawaida, mbali na kipasha joto, kwa sababu joto ndilo linaloharakisha kupungua. Kuiweka juu ya sakafu ya saruji hakuna ubaya, maganda ya siku hizi ni ya plastiki. Ipimwe kila mwezi na irudishiwe chaji ikishuka 12.4. Usisubiri 12.0.

Paneli ndogo ya jua uliyoniuliza, iache. Ndani ya gereji hakuna jua, na hata nje, siku za baridi ni fupi na theluji inaifunika.

Na tafadhali usimwambie dada yako aje kuliwasha kila Jumapili kwa dakika kumi. Najua umelisikia wapi. Lilisemwa nyumbani kwa miaka mingi, na halikuwa sahihi. Kuwasha kunachota umeme mwingi kwa mkupuo, betri ya baridi inapokea chaji polepole, na injini ikiwa inaunguruma palepale altaneta inazalisha kidogo huku feni, taa na kipasha joto cha kioo cha nyuma vikila. Isitoshe, injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi, kutu inaanza. Gari ama liendeshwe nusu saa na zaidi barabarani, ama liachwe limelala.

Dada yako apewe kazi nyingine: mara moja kwa mwezi aangalie kama taa ya chaja ni ya kijani, aguse betri kwa nje kama ina joto lisilo la kawaida, anuse kama kuna harufu ya mayai yaliyooza. Akiisikia, achomoe chaja ukutani, afungue mlango wa gereji, asiguse kingine. Akiwa huko huko aangalie mabomba ya maji. Je, umefunga koki kuu? Baridi ile ile inayopasua betri inapasua bomba. Na friji, kama unaizima, itoe kila kitu, iache mlango wazi. Chaja usiichomeke kwenye soketi ya pamoja na friji la gereji, mtu anaweza kuzima swichi moja akidhani anazima kingine. Andika karatasi, ibandike juu ya swichi: "Betri ya gari, usizime." Jaza na upepo wa matairi, mradi unaenda huko.

Ukirudi ukakuta betri imevimba ubavuni, au ukiitikisa kidogo husikii maji, usichaji na usiunganishe waya za mtu yeyote. Betri iliyoganda ikilazimishwa chaji inaweza kulipuka. Iletwe sehemu yenye joto iyeyuke kwanza, na kama ina ufa, ipelekwe kwa wanaokusanya betri kuukuu. Ikiwa nzima, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Vioo vya umeme vinaweza kusahau kikomo chao. Pandisha kila kimoja hadi juu na ushikilie kitufe sekunde chache.

Nimeandika mengi, na najua mengine ulishayasikia. Ila ile 12.6 sijaiona bado kwa macho yangu. Chaji usiku wa Alhamisi, chomoa Ijumaa asubuhi, iache ipumzike hadi Jumamosi, pima, unitumie picha ya mita kabla hujafunga boneti. Ufunguo wa gereji mwachie dada yako mkononi, usiufiche chini ya kopo la rangi. Na ile mita ndogo ya njano uibadilishe betri yake mwenyewe kwanza. Ikiwa dhaifu husoma juu kuliko ukweli.

Mama yako