Ratiba ya Lumbesa: Barua kwa Wanangu Mnaoanza Uhandisi Marekani

Wanangu,

Marahaba. Najua shikamoo mngenipa kama tungekutana, kwa hiyo naitikia mapema tuingie kwenye hoja.

Juma lililopita binti mmoja alikuja kwangu na mama yake. Agosti hii anaanza uhandisi katika chuo cha serikali ya jimbo. Chai haijapoa, akatoa simu kunionyesha ratiba aliyojipangia: Kalkulasi ya Pili krediti 4 (krediti ndiyo kipimo cha uzito wa somo), Fizikia ya Kwanza 4, Kemia na maabara yake 4, programu za kompyuta 3, uandishi wa Kiingereza 3. Jumla 18. Mama uso ulikuwa unamng'aa. "Ada ni ileile, Mzee, achukue 12 au achukue 18. Si bora amalize mapema?"

Nikakumbuka lumbesa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua mahindi Handeni, na mimi likizo zangu nimezimalizia kwenye magunia. Mliokulia mjini huenda hamjaiona: gunia linajazwa mpaka mdomoni, juu yake linashonewa kilemba, kilemba nacho kinajazwa, kisha lote linahesabiwa gunia moja kwa bei ya gunia moja. Mnunuzi anacheka. Mkulima analia, na kuli anayejitwika anavunjika mgongo. Sasa nyinyi mkiona chuo kinatoza ada moja kuanzia krediti 12 hadi 18, kama vyuo vingi vya majimbo vinavyofanya, mnajiona wanunuzi. Wanangu, hapo nyinyi ni kuli.

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo kazi mliyoichagua. Kwa maelezo ya serikali ya Marekani yenyewe, krediti moja ni saa moja darasani na saa mbili zisizopungua nje ya darasa, kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Krediti 18 ni saa 54 kwa wiki. Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inaruhusu kazi ya ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na wengi wenu mtazitaka zote 20, kwa sababu nyumbani kuna watu. Hizo ni saa 74. Hujapika, hujafua, hujasali, hujampigia mama simu. Na maabara ni mwongo mkubwa: kwenye karatasi krediti 1, lakini utasimama humo saa mbili au tatu, na ukitoka ripoti inakungoja chumbani.

Kaka zenu waliosoma vyuo vya nyumbani watawaambia muhula una kona za kupumulia, mtu unapiga msuli UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikikaribia, na ikikushinda kuna sapu, mtihani wa marudio. Huku msitegemee hivyo. Kazi za kukusanya zinaanza wiki ya kwanza au ya pili na haziishi, majaribio yanakuja mfululizo, na sapu kwa kawaida haipo. Ukifeli, unarudia somo zima muhula mwingine, kwa pesa nyingine.

Kilichonitia hofu zaidi kwa yule binti hakikuwa hata hiyo 18. Ilikuwa ile Kalkulasi ya Pili. Nikamuuliza ya kwanza iko wapi. Akajibu, "Nilisoma PCM, Mzee, Fizikia, Kemia na Hisabati. Tulishamaliza."

Hapo ndipo na mimi nilipoanguka, kwa hiyo nivumilieni nisimulie.

Nilifika Marekani 1984, chuo kimoja cha huku katikati ya nchi. Kujiandikisha masomo siku hizo ilikuwa kupanga foleni ndani ya ukumbi wa michezo, kadi mkononi, meza moja hadi nyingine, na somo likijaa unarudi na kadi yako. Nilikuwa na cheti kizuri cha Kidato cha Sita na kichwa kikubwa kuliko cheti. Nikaruka Kalkulasi ya Kwanza, nikabeba krediti 19. Nilichosahau ni kwamba tangu mtihani wa mwisho ulikuwa umepita zaidi ya mwaka: jeshi, kungoja, kungoja tena. Kanuni nilizikumbuka kama shairi la darasa la nne, lakini mhadhiri alitaka nieleze kwa nini ziko hivyo. Nikapata D. Na D haikukubalika kuingilia somo linalofuata; walitaka C.

Si aibu ya D iliyoniumiza. Mnyororo ndio ulioniumiza. Kalkulasi ya Kwanza inafungua ya Pili, ya Pili inafungua ya Tatu na milinganyo ya tofauti (differential equations). Fizikia ya mekanika inakutaka uwe umesoma Kalkulasi ya Kwanza au unaisoma sambamba. Fizikia hiyo ndiyo mlango wa statiki, somo la nguvu kwenye vitu visivyosogea, na statiki ndiyo mlango wa nguvu za vifaa, yaani uimara wa vyuma na zege, na huko ndiko madaraja yangu yalikokuwa yakinisubiri. Anayetaka umeme mnyororo wake unapitia Fizikia ya Pili mpaka saketi. Masomo mengine ya uhandisi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Nilikosa Kalkulasi muhula mmoja, nikakosa somo la muhula wa majira ya majani kuanguka, nikangoja mwaka mzima lirudi. Nilimaliza kwa miaka mitano na nusu. Baba aliuza ng'ombe wawili ambao hawakuwa kwenye bajeti.

Kwa hiyo kabla hamjahesabu krediti, chukueni karatasi mchore mnyororo wa fani yenu. Idara nyingi zinao umeshachorwa, uombeni kwa mshauri wa masomo. Masomo ya kwenye mnyororo ndiyo ya kulindwa. Yaliyo nje ya mnyororo ndiyo ya kuchezea.

Sisemi kila mmoja arudie Kalkulasi ya Kwanza. Kuna watoto wanaielewa kweli, na mliosoma A-level ya Cambridge huenda chuo kikawapa krediti za bure. Jipimeni hivi: tafuteni mtihani wa mwisho wa Kalkulasi ya Kwanza wa chuo chenu, wa mwaka wowote, mfanye peke yenu bila daftari na bila simu, kwa muda uliowekwa. Ukipata zaidi ya asilimia 80, endelea na baraka zangu. Ukipata 55 ukajiambia "nilikuwa nimechoka", basi hiyo ndiyo alama yako. Mliotoka Kenya na KCSE, kalkulasi mmeionja Kidato cha Nne mwishoni. Nyinyi anzeni mwanzo, wala msione haya mbele ya hawa wa PCM.

Sasa kuna jambo wenzenu wa Kimarekani hawalijui, kwa hiyo ushauri wao hautawasaidia. Viza ya F-1 inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome krediti 12 au zaidi kila muhula wa kawaida. Somo la mtandaoni huhesabiwa moja tu humo, krediti 3 basi. Ukishuka chini ya 12 bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kilichopatikana *kabla* hujashuka, umevunja masharti ya viza. Mwenzako mwenye pasi ya Marekani anaweza kuacha somo Oktoba akalala usingizi. Wewe huwezi.

Ndiyo maana wale wanaokimbilia upande wa pili nao nawakatalia. Wapo wanaosema, "Basi nitachukua 12 tu, nitulie." Ukiwa na 12 kamili, umejifungia mlango wa nyuma. Somo moja likikulemea, huna pa kutokea: ama ulibebe mpaka likupe F, ama uliache uhatarishe viza. Mwenye 18 anazama, mwenye 12 hana mlango. Nafasi iko kati ya 15 na 16, na ndani yake mle muwe na somo moja mnaloweza kuliacha bila kuvunja viza wala mnyororo.

Ratiba ya yule binti tuliifumua, mama akitazama kwa huzuni kama anayeona gunia linapunguzwa. Kalkulasi ya Kwanza 4. Kemia na maabara 4. Uandishi 3. Utangulizi wa uhandisi 2. Historia ya Marekani 3. Zinakuwa 16. Fizikia tukaisogeza muhula wa pili, isaidiwe na kalkulasi aliyokwisha kuisoma. Historia ikiwa nzito, anaiacha anabaki na 13. Hata ikija siku mbaya kabisa na kemia ndiyo ikamshinda, akaiacha hiyo badala ya historia, anabaki na 12. Na historia si ya kujazia tu: atasoma Texas, na huko sheria ya jimbo inamtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vya umma awe na krediti 6 za historia ya Marekani. Hilo ndilo somo zuri la kuwekea mlangoni, unalihitaji lakini halina haraka.

Zijueni na tarehe mbili. Siku za mwanzo mnaweza kubadili masomo bila kuacha alama yoyote. Baada ya hapo, mpaka siku iliyotangazwa, mkiacha somo inaandikwa W, ambayo haiingii kwenye wastani. Baada ya hapo tena ni F. Ziandikeni kwenye kalenda siku ileile mnayojiandikisha.

Na kama mambo yameharibika hata hivyo, msijifiche. Kanuni za viza zenyewe zinatambua kwamba mgeni anaweza kuzidiwa mwanzoni: kwa sababu ya Kiingereza, kwa sababu ya wingi wa kusoma, kwa kutozoea ufundishaji wa huku, au kwa kuwekwa darasa lisilomfaa. Ofisi inaweza kukuruhusu kushuka hadi krediti 6, mara moja tu katika ngazi ya masomo, na muhula unaofuata unarudi kamili. Nimeona vijana wakifa kimya na kibali hiki kipo mezani, kwa sababu waliona kuomba ni kujidhalilisha.

Mama aliniuliza, haraka yote hii ya alama mwaka wa kwanza ya nini, si ataziba baadaye? Mama, tazama: binti akipata wastani wa 2.5 kati ya 4 kwenye krediti 18, kisha akajitutumua akapata 3.5 kwenye krediti 15, mwaka anaufunga na 2.95. Ule mzigo wa kwanza bado unamvuta. Na kuna vyuo ambako mwaka wa kwanza ndio unaoamua utaingia idara gani. Purdue wanaanzia wote katika uhandisi wa pamoja ndipo wachague; Texas A&M wana utaratibu wa namna hiyo pia. Anayetaka kompyuta au ndege akafika na wastani mdogo, anaweza kujikuta pengine kabisa.

Madogo madogo: mkiona 8:00 asubuhi kwenye ratiba, ni saa mbili yetu, lakini saa mbili ya Januari huku barafu iko magotini. Angalieni ramani pia. Dakika 10 kati ya vipindi hazitoshi kama majengo yako ncha mbili za chuo. Na msipange vipindi vinne mfululizo ili Ijumaa iwe huru. Ijumaa hiyo mtalala.

Nitumieni ratiba zenu kabla hamjazithibitisha. Kalamu nyekundu ninayo, na siku hizi sina daraja la kukagua. Nitakayemwona ameandika 18, sitambishia yeye. Nitampigia simu mama yake, tena saa ya kwao, alfajiri.

Mzee wenu wa madaraja, mstaafu,
Columbus, Ohio