Si kila lori linalogoma kuwaka lina koili mbovu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenzangu tunaohangaika na malori ya zamani ya petroli, hasa Bedford, ambayo asubuhi huwaka kwa stata moja, yakafika eneo la Gerezani, mjini Dar es Salaam, salama, lakini yakizimwa robo saa tu ya kushusha mzigo hugoma kuwaka.

Kwa ugonjwa huo nimekwisha kununua koili mbili (kifaa kinachozipa plagi umeme) na pampu ya petroli, na za awali zote zilikuwa nzima. Fundi wa mwisho, mzee asiye na maneno mengi, alifungua chujio la hewa akaniambia nichungulie. Injini ilikuwa imezimwa, lakini petroli ilikuwa ikitokota na kudondoka yenyewe ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Injini ikizimwa, feni husimama na maji hayazunguki tena, ilhali manifoldi ya eksozi (chuma kinachokusanya moshi wa injini) iliyo chini ya kabureta bado ina moto mkali, na moto huo hupanda juu. Sehemu nyepesi za petroli huchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi, na kwa jua letu la Februari, chini ya boneti hicho ni kiwango kidogo sana. Petroli hufurika, plagi zinalowa, na lori haliwaki.

Mzee alikata bati la alumini akalitandaza kati ya kabureta na manifoldi mfano wa mwavuli, kisha akakalisha kabureta juu ya kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu inayozuia joto) chenye unene wa milimita 10, gasketi juu na chini. Kabureta ikainuka, hivyo ilibidi waya wa pedali ya mafuta urekebishwe upya. Bomba la petroli lililopita karibu na eksozi alilihamisha. Alirekebisha pia taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kwani ilikuwa imechelewa, na cheche inayochelewa hufanya moto uishie kuunguza eksozi.

Wanaomwagia injini maji kwenye foleni ya Ubungo nawasihi waache, kwa sababu manifoldi yenye moto ikipata maji ghafla inaweza kupasuka. Lori likigoma, fungua boneti lipoe, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho na ushikilie hapo hapo, bila kupampu, huku ukipiga stata, ili hewa nyingi ipite na kukausha petroli iliyofurika.

Mwenye lori la zamani,
Temeke, Dar es Salaam